Nani Atashika Kamba Upande wa Pili

Kwako Wambui, mama yangu niliyekuzaa mwenyewe,

Nimeketi mezani pa kulia, na mama yako yuko chumbani anakunja nguo zako upya kwa sababu hakuridhika na vile ulivyozikunja wewe. Mambo ya blanketi, ya kula vizuri, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, hayo nimemwachia yeye. Ameyapanga kichwani na hataki kuingiliwa. Mimi nimebakiwa na jambo moja tu, na hilo moja limenishinda.

Jumapili tulipotoka kanisani uliniuliza, "Baba, unanibariki niende ama hunibariki?" Uliuliza kwa heshima zote, umesimama hapo karibu na tangi la maji. Nami nikakujibu, "Ngoja kwanza," nikaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na neno lolote. Nilisimama naye zizini tukitazamana mpaka nikasikia umeingia ndani. Kesho asubuhi unaondoka na bado unangoja jibu. Hujaniuliza tena, na najua hutaniuliza, maana ukaidi huo ni wa kwetu, hukuutoa kwa mama yako.

Basi nakuandikia ili nijue mwenyewe ninafikiri nini. Usitegemee kwamba nimeelewa. Nimechanganyikiwa, mama, na afadhali nikueleze nilivyochanganyikiwa kuliko kukaa kimya, kwa sababu nikikaa kimya mimi huwa na kiburi. Hilo unalijua kuliko mtu yeyote katika nyumba hii.

Kwanza ni safari yenyewe. Bungoma si ng'ambo. Mama yako alizaliwa Myanga, hukohuko Bungoma, na kila Krismasi tunaenda huko kuaibishwa na wajomba zako wanaokula kuku kama hawatakula tena. Mtu akitoka Kitale baada ya chai, chakula cha mchana kinamkuta huko. Juzi mzee mwenzangu wa kanisa aliniona nimenyong'onyea, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia binti yangu anahama. "Anaenda wapi? Amerika?" Nikamwambia Bungoma. Alicheka akashika ukuta. Nilicheka pia, lakini nilipofika nyumbani nilikuta jembe lako limeegemea mlango wa ghala na nikashindwa kulihamisha. Sasa niambie, kama ni hapo tu, mbona moyo unauma hivi?

Pili ni kazi yenyewe. Ulipokuwa mkulima nilikuelewa. Uliporudi kutoka chuo cha kilimo ukasema hutaki kuajiriwa, unataka kushika shamba, nilitembea sokoni kidevu juu. Ulipanda vitunguu mahali ambapo mimi maharagwe yenyewe yalinikataa. Ukaanza kupanda mlima hadi Kapsokwony kwa pikipiki kuwafundisha akina mama wa mlimani jinsi ya kuhifadhi viazi, ukirudi umejaa matope mpaka masikioni na umefurahi. Hiyo ni kazi. Mtu akiniuliza binti yako anafanya nini, nilikuwa namwonyesha kwa kidole.

Sasa nimwonyeshe nini? Njia uliyopita naiona. Akina mama walikuja kukuuliza dawa ya kutu ya maharagwe, na kabla hawajaondoka wakakwambia kwamba shemeji amewafukuza shambani. Ukaanza kuwasindikiza kwa chifu. Kutoka kwa chifu ukaitwa kwenye mkutano Bungoma uzungumze, na kutoka kwenye mkutano umeitwa ukafanye kazi ofisini hukohuko. Njia naiona, ila mahali ilipofika ndipo sipaoni.

Unakumbuka tulivyozungumza tukipukuchua mahindi?

"Utakuwa ukiamka asubuhi kufanya nini?" nilikuuliza.

"Kusikiliza watu, Baba. Vile wanapata haki ama vile wanaikosa. Halafu tunaenda kwa wale wanatunga sheria na sera, tunawaambia waanzie kwa hao watu."

"Kwani hao watu hawana midomo?"

"Wanayo. Lakini ni nani huwaita?"

"Na hiyo haki mnaiita nini tena?"

"Haki inayomweka mwananchi katikati."

"Ati katikati? Kwani hizo zingine zimemweka nani katikati?"

Ukacheka ukasema, "Si ndiyo hiyo sasa, Baba." Nikaona kwamba nimejibu swali langu mwenyewe na sijui nimelijibuje. Sera nilizozijua mimi ni zile zinazomwagwa jukwaani wakati wa kampeni, na zikishamwagwa hakuna anayezizoa. Nikakuuliza mazao ya kazi hiyo huvunwa lini. Ukasema, "Labda miaka mingi. Labda mimi sitayaona." Nilitupa gunzi langu kwenye rundo. Ni mkulima gani anayepanda kitu asichotarajia kukivuna?

Usiku ule nilikosa usingizi, na jibu likaja lenyewe. Nyanya yako alipanda hivyo.

Unabeba jina lake, na kwetu anayebeba jina amembeba mtu. Ndiyo sababu tangu ulipokuwa mchanga nakuita mama, na watu wa Myanga wanashangaa mzee mzima anaamkia mtoto. Nyanya yako alipokuja huku Trans-Nzoia kutoka kwao katikati ya nchi, wenzake walibeba masufuria na kuku. Yeye alibeba pia kikapu cha matoka, yale maua ya majani marefu yenye kitunguu chini ya ardhi. Kwao, ua hilo ndilo mpaka. Halikatwi wala haling'olewi, na anayeling'oa amejiitia laana. Aliyapanda kwa mstari kutoka jiwe kubwa la barabarani mpaka jiwe kubwa la mtoni, na kijana wa jirani aliyemsaidia kuchimba mashimo alikuwa Barasa, ambaye wewe ulimjua akiwa mzee tayari. Hayo maua hayaliwi wala hayauzwi. Alikuwa anawapandia amani watu ambao hawakuwa wamezaliwa.

Sasa ngoja nikukumbushe habari unayoijua, kwa sababu unaijua ukiwa umesimama upande wako, na mimi nataka uione nilipokuwa nimesimama mimi.

Mimi nilikuwa na maksai mmoja na Barasa alikuwa na mmoja. Maksai mmoja halimi. Kwa hiyo kila mwaka tuliwafunga nira pamoja, wangu mvivu na wake mwenye hasira, tukalima kwangu, tukavuka maua tukalima kwake. Maksai wakifika mwisho wa mtaro hugeuzwa palepale kwa sauti na mkono. Hawahitaji nafasi. Miaka yote hiyo sikumbuki siku hata moja tuliyozungumza habari za mpaka. Tulizungumza habari za maksai na za wake zetu, na Barasa alinitania kwamba sisi tulikuja kutafuta shamba tukaishia kutafuta mabibi. Alikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyenipeleka Myanga mara ya kwanza.

Alipofariki walimzika kwake, upande ule unaotazama maua. Nilisimama kaburini nikatupa udongo na nikalia waziwazi mbele ya watu. Mwaka uliofuata mjane wake, Mama Simiyu, aliuza maksai wao, na mimi nikabaki na mvivu wangu peke yake. Nikaanza kukodi trekta. Ndivyo ugomvi ulivyoanza. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo nitamdhulumu jirani. Trekta haigeuzwi kwa sauti, mama. Trekta inataka mahali pa kugeukia.

Na jembe langu nalo lilikuwa na kazi yake. Kila kiangazi, kabla ya kulima, nilipalilia upande wangu wa maua nikikata machipukizi yaliyoingia shambani kwangu. Upande wa pili hakuna aliyeyagusa, maana Mama Simiyu aliogopa laana ya nyanya yako kuliko mimi niliyezaliwa na yeye mwenyewe. Yalipochipuka kwake, yeye alisogea nyuma akapanda maharagwe yake mbali kidogo. Mwaka huu kidogo, mwaka ule kidogo. Mimi nikasema maua ndiyo mpaka, nikalima mpaka kwenye maua.

Alipokuja kuniambia nimekula shamba lake, nilikasirika kama mtu aliyesingiziwa wizi. Niliweka mkono juu ya Biblia nikaapa mbele ya watoto wake kwamba kama nimehamisha ua hata moja la mama yangu, nisivune tena. Na sikuwa nimehamisha. Nilisema kweli tupu. Mpaka leo hapo ndipo ninapopotea: mtu anawezaje kusema kweli tupu na bado awe amelima mahali pasipo pake?

Tukapelekana mahakamani. Simlaumu hakimu, alikuwa na kesi nyingi na kila moja ilikuwa na watu wake waliovaa nguo za kanisani. Kesi yetu ikatajwa, ikatajwa tena. Mimi na Mama Simiyu tulikuwa tukiketi benchi moja kwa sababu hakukuwa na nyingine, tunasikiliza mawakili wakizungumza Kiingereza kuhusu shamba letu mpaka nikawa silitambui. Siku moja alisinzia kichwa kikaniangukia begani. Sikusogea. Alipoamka alijifuta mdomo akatazama pembeni. Wakati huo wote hakuna aliyemuuliza anataka nini. Hati zilisema anataka ardhi, basi ikachukuliwa kwamba anataka ardhi.

Wewe ndiwe uliyeuliza. Ulimwomba naibu wa chifu na wazee wa pande zote mbili waje wakae palepale kwenye maua, na mimi nikakubali kwa sababu nilijua utakuwa upande wangu. Nilivaa koti. Nilileta viti kutoka nyumbani. Ukamgeukia Mama Simiyu ukasema, "Mama, wacha hiyo maneno ya kesi kwanza. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Alikutazama machoni. Nadhani alikuwa anatafuta mtego. Halafu akasema, "Mimi sitaki shamba yenu. Nataka tu hiyo trekta isigeukie kwa kichwa ya mzee wangu."

Wote tukatazama. Kaburi la Barasa lilikuwa pale ng'ambo ya maua, na magurudumu yalikuwa yamekanyaga majani mpaka kwenye simenti ya upande wa kichwa. Nilikuwa nimepita hapo kila mwaka. Nilikuwa nimesimama hapo nikimwelekeza dereva kwa mkono, rudi nyuma kidogo, tena kidogo. Rafiki yangu niliyelima naye, na mimi ndiye niliyeileta hiyo trekta juu ya kichwa chake. Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Ningeweza kukubali hapohapo na mambo yangeisha vizuri.

Lakini unanijua. Nikasema, "Kaburi ni sawa, tutalizunguka. Lakini mpaka ni maua, na maua hayajahama."

Ndipo ulipoenda ghalani ukarudi na kamba yetu ya kupandia mahindi. Ukanipa ncha moja. "Baba, shika huku," ukasema, kama vile unavyoniambia kila msimu, na mikono yangu ikapokea kabla kichwa hakijafikiri. Ukaniweka kwenye jiwe la barabarani. Ukatembea na ncha ya pili mpaka jiwe la mtoni ukavuta. Kamba ilinyooka. Maua yalikuwa sawa na kamba pale kwenye mawe, lakini katikati yalikuwa yamevimba kuelekea kwa Barasa kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Kila mtu aliona. Mimi niliyekuwa nimeshika ndiye niliyeona kuliko wote. Baadaye ukaeleza kwa upole habari za jembe na machipukizi, ukasema hakuna aliyedanganya. Sikukusikia. Nilisikia tu wazee wakivuta pumzi.

Tuliikubali kamba. Kesi ikaondolewa. Mama Simiyu akasema nyasi ziachwe kuzunguka kaburi, zisilimwe na yeyote, na trekta ikaanza kugeukia upande wetu wa zizi. Watu walifurahi, wengine wakaja kutoka Bungoma kukusikiliza ukieleza mambo hayo yalivyotatuliwa. Na mimi, baba yako, sikukusemesha msimu mzima.

Nilikuwa nikimwambia mama yako, "Mwambie mtoto wako anipitishie chumvi," nawe umeketi mbele yangu. Mama yako alikuwa akijibu, "Mwambie mwenyewe, mdomo unao," na chumvi inabaki ilipo. Nilikula mboga bila chumvi kwa ajili ya kiburi. Niliona umenivua nguo mbele ya watu. Niliona kwamba umeshika ncha ya kamba ukasimama upande wa pili, na upande wa pili nilidhani ni wa adui.

Mvua ikanyesha. Ukaja asubuhi na kamba begani kama vile hakuna kilichotokea. Tukapanda shamba lote hivyo, wewe ncha ile, mimi ncha hii, hatusemezani. Nilidhani haiwezekani, kwa sababu kupanda ni kuitana: ngoja, songa, inyooshe. Ukaanza kuvuta. Ukivuta mara moja, ningoje. Ukivuta mara mbili, nisonge mstari unaofuata. Siku ya kwanza nilikasirika. Kufikia mwisho wa kupanda nilikuwa nikingojea huo mvuto kama mtu anayengojea salamu, na sikukwambia. Mahindi ya mwaka ule yalisimama mistari iliyonyooka kuliko miaka yote.

Hilo ndilo kosa langu ninalotaka uondoke nalo, si lile la maua. Lile la maua hata sasa sijui kama ni kosa au ni nini. Lakini kukaa karibu na mtu anayekupenda na kumnyima sauti yako, hilo nalijua ni kosa, na nililifanya nikijua.

Sasa unaenda kukaa ofisini na watu waliosoma, mkitafuta jinsi ya kuwatungia haki watu wa kawaida. Mimi sina la kuwafundisha. Ila nakuomba uwakumbushe kwamba watu wengi watakaokuja kwenu hawatakuwa wezi. Watakuwa kama mimi. Watakuwa wamepalilia upande wao tu, miaka mingi, kwa bidii, na mikono yao ni safi. Wataapa na watakuwa wanasema kweli. Ukimwita mtu kama huyo mwizi, atapigana na wewe mpaka kaburini. Ukimpa ncha ya kamba ashike, labda ataona mwenyewe. Labda pia atakununia msimu mzima, kwa hiyo jiandae.

Na kuna jambo lingine linalonichanganya. Sheria ina vifungu, na kila kifungu kina nambari. Swali lile ulilomuuliza Mama Simiyu utaliweka kwenye kifungu gani? Unaweza kumwamuru mtu amuulize mwenzake anataka nini, na kisha ukamwamuru atulie asikilize jibu? Nimelifikiria nikikamua, nimelifikiria kanisani wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Sioni. Lakini hata nyanya yako angeniambia kwamba mpaka utashikwa na maua, ningemcheka.

Sasa nirudi kwa ile "ngoja kwanza" yangu.

Nilipotaka kumwoa mama yako, nilimwendea nyanya yako nikamwomba baraka. Aliniuliza kama wasichana wa kwetu wameisha. Nikamwambia nimempata niliyempata. Akasema, "Ngoja kwanza," akachukua kikapu akaenda kutafuta kuni ambazo hatukuzihitaji. Nilingoja. Siku ya kwenda Myanga ilifika, Barasa akanifuata kwa suti ya kuazima, nami nikatoka lango hili bila neno la mama yangu. Niliimba njiani ili Barasa asijue. Sherehe ilikuwa nzuri, lakini ndani nilikuwa na baridi, na baridi hiyo ilikaa nasi ndani ya ndoa. Kila tulipogombana nilidhani ni kwa sababu hiyo. Mama yako alijua, ingawa hakusema.

Ulipozaliwa wewe ndipo nyanya yako alipoingia nyumbani kwetu. Alikupokea, akaambiwa jina lako ni lake, akakutazama. Akakutemea mate kidogo kifuani vile wazee wa kwetu walivyobariki, kisha akamgeukia mama yako akamtemea naye, na mama yako, mtoto wa mwinjilisti wa Myanga, akashtuka nusura akuangushe. Baridi ikaisha siku ile. Lakini ile miaka iliyopita bila neno, hiyo haikurudishwa. Nilikuja kumuuliza nyanya yako kwa nini alichelewa hivyo. Akasema hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anaogopa kubaki peke yake na hakujua namna ya kulisema hilo.

Mimi ni mtoto wake kabisa. Jumapili nilisema maneno yaleyale, na badala ya kuni nikaenda kwa ng'ombe.

Leo asubuhi wewe ukiwa mjini kununua sanduku, Mama Simiyu alipita kwenye zile nyasi akaja mpaka hapa mlangoni. Alikuwa amesikia unaondoka. Hakuketi.

"Sasa mvua ikianza, ni nani atakushikia kamba?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli.

"Si mimi niko," akasema. "Tunapanda kwako, halafu unanishikia kwangu. Kama ile yenu ya maksai, wewe na mzee wangu."

Nilimkatia mkungu wa ndizi, nikambebea mpaka kwenye maua, nikauweka chini upande wa kwake. Aliuchukua akaenda. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba tangu mambo haya ya kazi yako yaanze, nimekuuliza maswali mengi, lakini hofu yangu ilikuwa moja tu, na yule mama aliisema yote kwa maneno machache akiwa amesimama.

Wambui, umewauliza watu wa Myanga wanataka nini. Umewauliza wa Kapsokwony, na wale vibarua wa Kipsongo wanaotuvunia mahindi. Mimi hujaniuliza. Sikulaumu, mimi ningesema sitaki kitu. Lakini nimekaa hapa na karatasi hii nimejiuliza kwa niaba yako, taratibu, vile ulivyomuuliza yule mama. Baba, wacha hayo mambo ya sera kwanza. Wewe mwenyewe unataka nini?

Nataka ubaki.

Hilo ndilo jibu. Nataka ubaki hapa, nikitoka asubuhi nikuone. Kazi yako siielewi, na hata ningeielewa ningetaka ubaki. Niliposema ngoja kwanza, hilo ndilo lililokuwa chini yake. Sasa limetoka, na ajabu ni kwamba limetoka na mimi bado niko mzima. Yule mama alipoulizwa akajibu, hakutaka tena shamba lote. Nami nimejibu, na sioni tena sababu ya kukushika.

Kesho asubuhi njoo mlangoni kabla hujachukua sanduku. Nitakutemea mate kifuani vile nyanya yako alivyofanya, na kama wazee wenzangu wa kanisa watasikia, watanisamehe au hawatanisamehe. Nani anambariki nani kati yetu, mtoto au mama, hilo nalo sijalielewa, na sitangoja nilielewe kwanza. Ulimi wangu unaweza kunishinda tena. Nikisimama pale kama gogo, usidhani nimebadilisha mawazo. Soma hapa.

Nimevuta mara mbili, mama. Songa.

Ni mimi,
Baba yako